Siku nne Brașov bila gari: kasri na miji ya kale ya Transylvania, nipangeje?

mtembezi_taratibu

Wakuu, naomba mnisaidie kupanga. Tuko watatu, mmoja ni mama wa miaka 68 ambaye magoti hayapatani na ngazi. Tutalala Brașov, Romania, wiki ya kwanza ya Oktoba, na gari hatukodi. Tunafika Jumamosi usiku, tunaondoka Alhamisi alfajiri. Rasimu yangu:

Jumapili: Bran, Râșnov na Peleș
Jumatatu: Sighișoara na Biertan
Jumanne: ngome ya Poenari kupitia barabara ya Transfăgărășan
Jumatano: Sibiu

Tunachotaka hasa ni zama za kati: kuta, minara, miji ya zamani. Visa vya Dracula navyo tusivikose, lakini si lazima viwe ndiyo safari yenyewe. Je, mpango huu unatekelezeka? Nini kitolewe?

---

Behewa_la_Pili

Mkuu, hautekelezeki. Umbali ni sehemu ndogo ya tatizo. Kubwa zaidi ni siku za wiki.

Romania makumbusho mengi hufungwa Jumatatu. Wewe Sighișoara umeiweka Jumatatu, siku ambayo Mnara wa Saa, ndio moyo wa mji ule, haufunguliwi. Mtazunguka nje mkipiga picha mlango wenye kibao cha *Închis*, yaani pamefungwa. Peleș nayo Jumatatu haifunguliwi, na Jumanne ratiba yake imekuwa ikibadilika-badilika, kwa hiyo hiyo iache hadi Jumatano.

Bran ndiyo inayokiuka desturi hiyo. Jumatatu inafungua, ila kuanzia saa 6 mchana. Sasa sikiliza hapa, maana wengi wa Oktoba ndipo wanapokwama: ratiba ya kiangazi ya Bran inaishia Septemba 30. Kuanzia Oktoba 1 wa mwisho kuingia ni saa 10 jioni, badala ya saa 12. Jumatatu ya Oktoba, basi, dirisha lenu ni saa nne tu. Zinatosha kabisa kwa Bran, kwa sababu kasri lenyewe ni dogo na saa moja na nusu ndani inakutosha. Ila haziruhusu kuchelewa.

Ningepanga hivi:

Jumapili, Brașov yenyewe. Kanisa Jeusi lina ibada ya asubuhi, watalii huingia kuanzia mchana. Asubuhi zungukeni Piața Sfatului (uwanja mkuu wa mji wa kale), kuta za mji, Lango la Schei na Strada Sforii, kichochoro chenye upana wa sentimita 111 mahali pembamba na 135 mahali papana. Mchana ingieni kanisani. Jina "Jeusi" lilitokana na moto wa 1689 ulioteketeza sehemu kubwa ya mji. Ndani kuna mazulia ya Anatolia yaliyotolewa na wafanyabiashara wa zamani, yametundikwa pande zote, na kinanda cha Buchholz cha 1839 chenye mabomba karibu 4,000.

Jumatatu, Râșnov na Bran, kwa utaratibu huo. Basi ni lile lile: linatoka Brașov, linapita Râșnov, linaishia Bran au Moieciu. Shukeni Râșnov asubuhi, kisha dakeni basi linalofuata ili muwe Bran kama saa 7 na nusu mchana. Msifike saa 6 kamili, kwani hapo mabasi yote ya watalii yanakuwa yamesimama langoni yakingoja kufunguliwa.

Jumanne, Sighișoara, siku nzima, bila nyongeza.

Jumatano, chagueni moja: Prejmer, kijiji chenye kanisa la ngome, au mji wa Sinaia kwa ajili ya jumba la Peleș. Wengine watakushauri juu ya hilo.

Poenari na Sibiu futa. Poenari iko upande wa kusini wa milima, mkoa wa Argeș, wala si Transylvania. Ngazi zake ni 1,480, mama hawezi. Hata kwa wenye magoti mazima imekuwa ikifungwa mara kwa mara kwa sababu ya dubu na ukarabati. Bila gari haifikiki kwa safari ya kwenda na kurudi siku moja. Sibiu ni mji mzuri sana, ila iko kilomita zaidi ya 140, na treni inaweza kula saa tatu kila upande. Sibiu unalala.

Kuhusu basi la Bran: haliondokei stesheni ya treni. Pembeni ya stesheni kuna kituo cha mabasi kiitwacho Autogara 1, na wageni huenda kusimama pale wakisubiri. Ninyi mnaitaka Autogara 2, upande wa Bartolomeu. Siku za kazi mabasi ni kama kila nusu saa, wikiendi yanapungua, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoiweka Bran Jumapili. Safari ni kilomita 30 hivi, dakika 45 hadi saa nzima. Wekeni noti ndogo za lei mfukoni, dereva asije akakosa chenji.

---

kuta_na_minara

Naongezea kwa anayetafuta zama za kati kwelikweli, kwa sababu neno "kasri" linawapoteza wengi.

Waromania wana maneno matatu, na kila moja lina kitu chake. *Castel* ni kasri, makazi ya mtawala au bwana mkubwa. *Cetate* ni ngome, wakati mwingine mji mzima ulio ndani ya kuta. *Biserică fortificată* ni kanisa lililozungushiwa ngome. Utajiri wa Transylvania upo kwenye haya mawili ya mwisho. Wasaksoni, walowezi wa Kijerumani walioletwa na wafalme wa Hungaria kuanzia karne ya 12 hawakuwa na mabwana wa kuwajengea makasri. Walikuwa wakulima na mafundi, wakajijengea wenyewe. Kijerumani eneo lote linaitwa Siebenbürgen, na maana inayotolewa kwa kawaida ni ngome saba.

Kwa hiyo Peleș, mkuu, kwa swali lako haimo. Ilianza kujengwa 1873 kwa ajili ya Carol wa Kwanza, mtawala wa Romania. Ni jumba la kifalme la kisasa kwa wakati wake, lenye umeme na mfumo wa kupasha joto nyumba nzima. Mbao zilizochongwa mle ndani ni za kustaajabisha, sikatai, lakini halina mshale wala kuzingirwa.

Jumatano nendeni Prejmer. Iko kilomita 17 au 18 kutoka Brașov. Ukuta wake wa duara una kimo cha mita 12 hivi na unene wa mita 3 hadi 4 na zaidi. Uzuri wake uko upande wa ndani: ukuta mzima umepandishiwa vyumba kwa ghorofa, karibu 270, kila familia ya kijiji na chumba chake chenye namba. Adui akionekana, unachukua watoto na gunia la nafaka, unaenda kwenye namba yako. Siku za amani vyumba vilikuwa ghala. Kimoja kilifanywa darasa, ili vita isikatize masomo, na bado unaweza kuliona. Muulizie pia silaha waliyoiita "kinanda cha kifo": mitutu kadhaa iliyofungwa pamoja kwenye ubao mmoja, inayofyatuka kwa mpigo.

Kwa magoti: ua wa katikati na kanisa viko tambarare. Ngazi za mbao za kupanda vyumbani ni za mwinuko mkali na vijia vya ndani ya ukuta ni vyembamba na vya giza, kwa hiyo mama abaki uani, na kutoka pale anaviona vyumba vyote kwa macho. Ukitaka nyongeza, kijiji cha Hărman kiko njiani, nacho kina kanisa la ngome lenye michoro ya ukutani ya zama za kati.

Usafiri: kuna basi, na kuna treni ya tawi la Întorsura Buzăului, ila ni chache na stesheni iko mbali kidogo na kanisa. Kwa watu watatu teksi ya mita kutoka Brașov ni akili zaidi. Kubalianeni kabisa muda wa kuwasubiri, kwa sababu kupata teksi ya kurudi ukiwa kijijini si rahisi.

---

reli_na_ratiba

Niseme kuhusu treni ya Sighișoara, kwani hapo ndipo siku ya Jumanne itapona au kuharibika.

Njia ya Brașov hadi Sighișoara imekuwa ikijengwa upya, mahandaki na reli mpya, na kwa sababu hiyo treni zinaenda pole na kuchelewa ni kawaida. Hesabuni saa mbili na nusu hadi tatu kila upande, kisha ongezeni akiba. Pandeni treni ya asubuhi mapema. Msipange kurudi na treni ya mwisho. Pangeni ile inayotangulia ya mwisho, ili ikikorofisha bado mna moja mkononi. Basi dogo la barabara ya DN13, lile la kwenda Târgu Mureș, mara nyingi linaiwahi treni. Linafaa kama njia ya akiba.

Kosa la pili ni tiketi. Reli ya serikali ni CFR Călători, lakini kuna kampuni binafsi zinazotumia reli hizo hizo na stesheni hizo hizo. Tiketi ya moja haikubaliki kwenye nyingine. Unakata tiketi, unaona treni imeandikwa Sighișoara, unapanda, kondakta anakutoza upya. Kabla ya kupanda linganisha namba ya treni kwenye tiketi na ile ya ubao. Ubaoni *Plecări* ni zinazoondoka, *Sosiri* zinazoingia, *linia* ni namba ya reli. Na *luni* ni Jumatatu, neno la kulijua vizuri kwa yote aliyoyasema Behewa hapo juu.

Saa zote zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24: 13:00 ni saa 7 mchana, 18:00 ni saa 12 jioni. Jambo dogo, ila wanaoshinda wakigeuza saa kichwani wakiwa wamechoka ndio wanaoachwa.

---

mama_wa_ngazi

Dada au kaka mtembezi, kuhusu magoti Sighișoara inahitaji maelezo ya hatua kwa hatua, maana ngome iko juu ya kilima na hakuna lifti.

Kutoka stesheni unavuka mto Târnava Mare kwa daraja la waenda kwa miguu karibu na kanisa kubwa la Kiorthodoksi, halafu unaingia mji wa chini. Ni dakika 15 hadi 20 kwa mwendo wa kawaida, tambarare. Kwa mama, teksi hadi chini ya ngome inamhifadhia nguvu za kupanda.

Kupanda kwenyewe, kupitia chini ya Mnara wa Saa, si kurefu, ila kuna mawe. Barabara za mle ndani ni mawe ya mviringo, yaliyolainishwa na miguu ya karne nyingi. Yakilowa yanateleza kama samaki, na Oktoba mvua ipo. Viatu vya soli ya mpira iliyochongwa, si raba za soli laini. Fimbo moja ya kutembelea yenye ncha ya mpira humsaidia mtu wa magoti kuliko mkono wa mjukuu, hasa kwenye mteremko, kwani goti linauma zaidi likishuka kuliko likipanda.

Mnara wa Saa una kimo cha mita 64, na ngazi za ndani ni nyembamba, watu wanapishana kwa kusukumana. Mama asipande, lakini asidhani amekosa. Sanamu za mbao za siku saba za wiki ziko kwenye uso wa mnara, upande unaotazama mji wa chini, na zinaonekana kutoka nje. Kila siku ina yake: Jumanne anatoka Mars, mungu wa vita. Usiku wa manane inazunguka na kumleta wa siku inayofuata.

Ngazi ya wanafunzi, ile iliyofunikwa kwa mbao tangu 1642, ina vidaraja 170 na ushei kwenda Kanisa la Kilimani. Ilijengwa ili watoto wafike shuleni wakati wa theluji bila kuteleza. Vidaraja vyake ni vifupi na vimegawanywa kwa mapumziko, kwa hiyo kwa mtu asiye na haraka inawezekana. Ila ni juu yake mwenyewe kuamua akiwa chini pale, msimwamulie ninyi mkiwa hotelini.

Bran nayo: kutoka getini kuna njia ya mawe ya kupanda, fupi. Ndani ndipo pagumu. Ngazi za mbao, milango mifupi inayogonga paji la uso, na umati unaokusukuma kwa upande mmoja bila nafasi ya kugeuka. Ile ngazi ya siri ya kutoka ghorofa ya kwanza hadi ya tatu, iliyogunduliwa 1927, ni nyembamba kuliko zote. Akiona imemzidi, bustani ya chini inampa picha ya kasri zima ambayo aliye ndani haioni.

---

joka_la_argeș

Visa nilidhani mmevisahau. Nivipange kidogo, kwa sababu waongozaji wa watalii huvichanganya wakavifanya uji.

Vlad wa Tatu, yule Mtunga Watu Vijitini, mtawala wa Wallachia (nchi ya kusini mwa milima) ambaye jina la Dracula limetokana naye, inasemekana alizaliwa Sighișoara karibu 1431. Nyumba ya njano karibu na Mnara wa Saa ndiyo inayoonyeshwa kuwa aliishi baba yake. Baba aliingizwa katika Shirika la Joka mwaka huo wa 1431, akaitwa Dracul, na mtoto akawa Drăculea, wa Dracul. Katika Kiromania cha leo *drac* ni shetani, ndiyo maana jina linatisha zaidi kuliko lilivyokusudiwa.

Bran si kasri lake. Ilijengwa na Wasaksoni wa Brașov kwa idhini ya mfalme wa Hungaria ya mwaka 1377, kulinda njia ya mlimani na kukusanya ushuru wa bidhaa zilizotoka na kuingia Wallachia. Kwa ufupi ni kituo cha forodha chenye minara. Na hao Wasaksoni wa Brașov Vlad alikuwa na ugomvi nao mkubwa wa biashara. Bram Stoker aliyeandika riwaya ya Dracula ya 1897 hakuwahi kukanyaga Romania. Vitu vingi vya ndani ya Bran vinamhusu Malkia Marie wa Romania, aliyepewa kasri hilo na mji wa Brașov mwaka 1920, na ukiingia ukiwa unamtazamia yeye hutatoka umenuna.

Visa vyenye mizizi ya pale pale ni vingine. Râșnov kuna kisima cha mita 146 kilichochimbwa kwenye mwamba kati ya 1623 na 1640. Kisa chasema mateka wawili wa Kituruki waliahidiwa uhuru wakifikia maji, wakachimba miaka 17. Historia inatoa sababu ya kisima: mwaka 1612 ngome ilizingirwa na Gabriel Báthory, mtawala wa Transylvania, ikasalimu amri kwa kukosa maji. Hapa historia na hadithi zinasimuliana vizuri.

Brașov nayo inadai mwisho wa kisa cha mpiga zumari wa Hamelin, aliyewavuta watoto wa mji kwa muziki wake wakamfuata wasirudi. Wale watoto 130 waliopotea Ujerumani mwaka 1284 wakizama mlimani, husemwa waliibukia Transylvania, na ndipo wakapatikana watu wanaosema Kijerumani katikati ya milima ya Carpathia. Simulieni hicho mkiwa Piața Sfatului, kinanoga.

---

Behewa_la_Pili

Asante joka. Tahadhari moja kuhusu Râșnov: ngome ile imekuwa na ukarabati wa muda mrefu. Thibitisheni siku moja kabla kwamba iko wazi. Ikiwa imefungwa, asubuhi ya Jumatatu bakini Brașov, mwondoke moja kwa moja kwenda Bran.

Dubu pia. Tâmpa, mlima unaoegemea mji wa Brașov, una njia za miguu ndani ya msitu, na dubu wapo kweli. Msiingie jioni, msibebe chakula kilicho wazi, na simu ikilia kwa sauti kali na ujumbe wa RO-Alert, mfumo wa tahadhari wa serikali, someni: mara nyingi ni tangazo la dubu aliyeonekana jirani. Namba ya dharura ni 112. Wiki hiyo jua linazama karibu saa 1 jioni, na ndani ya msitu giza linatangulia.

---

mtembezi_taratibu

Nimeelewa, wakuu. Poenari na Sibiu nje, Peleș nje, Prejmer ndani. Bado Biertan, kijiji chenye kanisa la ngome, inanivuta. Nimesoma kuna mlango wenye kufuli la ajabu na chumba cha wanandoa waliotaka kuachana. Siwezi kuichomeka Jumanne nikiwa Sighișoara?

---

kuta_na_minara

Unaweza kwa masharti. Biertan iko kilomita 30 hivi kutoka Sighișoara, mabasi ni ya kubahatisha, kwa hiyo ni teksi ya kwenda, kusubiri na kurudi. Mpe dereva saa moja na nusu ya kusubiri na muandikiane bei kabla gari halijaondoka. Jumla itakula saa tatu za siku yenu. Ikiwa treni imefika baada ya saa 5 asubuhi, achaneni nayo.

Mlango unaoutaka ni wa chumba cha hazina, wa mwaka 1515. Ufunguo mmoja unasukuma makomeo zaidi ya kumi kwa pamoja kuzunguka fremu nzima, na mlango huo ulipelekwa kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900. Usimame upande wa ndani wa mlango, ndiko mitambo ilikofungwa. Kwa nje ni ubao tu.

Chumba cha wanandoa kiko ndani ya kuta za ngome. Walifungiwa humo na kitanda kimoja na meza moja, na kisa chasema kijiko pia kilikuwa kimoja. Njia ya kupanda kanisani ni ngazi ya mbao iliyofunikwa, ndefu. Kwa hiyo mama na mmoja wenu wabaki kwenye uwanja wa kijiji chini, kuta zote tatu zinaonekana kutoka pale, na dereva wa teksi atakuwa hapo hapo.